Mama ana anemia angamizi, na potasiamu imeshuka baada ya sindano: ni ugonjwa, ni dawa, au ni jambo jingine?

#1 BintiUmoja

Hamjambo, wanajukwaa. Mama yangu ana umri wa miaka 58 na tunaishi naye mtaa wa Umoja, Nairobi. Hadi mwaka jana alikuwa akiamka alfajiri kwenda kuchukua mboga za kuuza, lakini tangu Januari alianza kuchoka hata akipanda ngazi za ghorofa ya pili. Ulimi wake ukawa mwekundu na laini kama kitu kilichopigwa pasi, nyayo zikashikwa na ganzi, na ngozi ya juu ya viungo vya vidole ikawa nyeusi kiasi kwamba jirani alimwuliza iwapo amejipaka mkorogo. Kwa miezi miwili tulimnywesha sharubati ya bitiruti na kumpikia managu, tukiamini kwamba damu itarudi.

Juma lililopita alianguka bafuni, tukampeleka hospitali. Himoglobini ilikuwa 4.3, ukubwa wa seli nyekundu ulikuwa 122 ilhali kawaida ni kati ya 80 na 100, vitamini B12 ilikuwa chini mno, na kipimo cha kingamwili kikaonyesha kwamba mwili wake unaishambulia ile protini ya tumboni inayoisindikiza B12 hadi mahali inapofyonzwa. Daktari akasema ni anemia angamizi. Jumatatu jioni alidungwa sindano ya kwanza ya B12 ya miligramu 1. Jumanne aliongezwa chupa moja ya damu polepole, pamoja na Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini, na Jumatano akadungwa sindano ya pili. Alhamisi asubuhi alishindwa kuinua miguu kutoka kitandani, akasema moyo wake unaruka. Potasiamu ilipopimwa ilikuwa 2.6, ilhali kawaida huanzia 3.5.

Aliwekewa dripu na sasa ana nafuu. Linalonisumbua ni kwamba nimepewa maelezo matatu. Daktari kijana alisema hali hiyo hutarajiwa damu inapoanza kutengenezwa upya, muuguzi akasema ni Lasix, na mjomba anashikilia kwamba sindano ndiyo iliyomdhuru na kwamba tusikubali nyingine. Je, nani yuko sahihi?

#2 MkaaziWaKariobangi

Pole sana, dada. Mimi si daktari, ila najua kwamba potasiamu iko kwenye ndizi. Mpe mbili kila asubuhi na mambo yatakuwa shwari.

#3 TabibuMstaafu

Pole, binti yangu. Nilifanya kazi ya utabibu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nitajaribu kueleza nilivyofundishwa na nilivyoona.

Mtu aliyekosa B12 kwa muda mrefu hana uboho mtupu, kama wengi wanavyodhani. Uboho wake umejaa seli kubwa zisizokomaa, ambazo nyingi hufia humo humo kabla ya kuingia kwenye mzunguko wa damu. Unapompa sindano ya kwanza, kiwanda kilichokwama huanza kufanya kazi ndani ya saa chache. Seli mpya zinapoundwa huhitaji potasiamu, kwa sababu madini hayo hukaa ndani ya seli kuliko nje, na huyavuta kutoka kwenye majimaji ya damu. Kwa hiyo kipimo cha damu hushuka hasa katika siku mbili za mwanzo, kabla hata hujaziona seli changa zikiongezeka, maana hizo huanza kupanda kama siku ya tatu au ya nne na kufikia kilele karibu na siku ya saba. Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Uingereza waliandika juu ya wagonjwa wa aina hii waliokufa ghafla katika siku za mwanzo za matibabu, na wakaihusisha potasiamu iliyoshuka.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, daktari kijana yuko sahihi, na mjomba wako amekosea ingawa hakukosea kabisa. Sindano ndiyo iliyoanzisha mwendo huo, lakini mtu asipodungwa ugonjwa utamwua. Jina lenyewe la ugonjwa lilitolewa kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kuangamiza, kwa sababu zamani waliougua hawakupona.

Kuhusu ndizi za #2, nitawaachia wengine.

#4 NesiZamuYaUsiku

Kwa heshima zote, Tabibu, naomba tusimpite muuguzi wa #1 haraka namna hiyo. Mgonjwa mwenye himoglobini ya 4 aliyezoea hali hiyo kwa miezi moyo wake umechoka, na ukimwongezea damu kwa kasi mapafu yanaweza kujaa maji. Ndiyo sababu anapewa Lasix. Lakini Lasix haitoi maji peke yake, kwani hutoa potasiamu na magnesiamu pamoja nayo kwenye mkojo. Nimeshuhudia mzee mmoja wa moyo aliyefika wodini na potasiamu ya 2.4 ambaye hakuwa na tatizo la B12 hata kidogo. Alikuwa akimeza Lasix mara mbili kwa siku bila kurudi kliniki kwa miezi saba. Ratiba aliyoitoa dada hapo juu inaonyesha Lasix Jumanne na udhaifu Alhamisi. Kwa nini tutafute mchawi wa mbali?

#5 FundiWaDarubini

Mimi hukaa maabara, na kabla ya kugombana juu ya sababu huuliza kwanza kama namba yenyewe ni ya kweli. BintiUmoja, tafadhali tuambie mambo manne. Potasiamu ilikuwa ngapi siku aliyolazwa? Seli nyeupe zilikuwa ngapi? Kipimo cha figo kilisemaje? Na damu ya Alhamisi ilikaa muda gani kabla ya kupimwa?

Nauliza hivi kwa sababu damu iliyokaa hubadilika. Ikikaa kwenye joto kwa muda, seli huendelea kuvuta potasiamu na kipimo hutoka chini kuliko ukweli, hasa kama seli nyeupe ni nyingi kupita kiasi. Ikikaa kwenye baridi, ile pampu ya kwenye utando wa seli husimama, potasiamu huvuja nje, na kipimo hutoka juu kuliko ukweli. Ikitikiswa au ikivutwa kwa nguvu kwenye sindano nyembamba, seli hupasuka na kipimo hutoka juu zaidi. Karatasi ya majibu haisemi lolote kati ya haya.

#6 BintiUmoja

Asanteni. Nimekagua faili. Siku ya kulazwa potasiamu ilikuwa 3.4, ambayo waliandika pembeni kwamba iko chini kidogo ya 3.5. Seli nyeupe zilikuwa 2.9, na chembe za kugandisha damu 88, yaani zote zilikuwa chache. Figo ziko sawa. Muda wa damu ya Alhamisi siujui, ila nitauliza.

Kuna mambo mengine mawili ambayo sikuyataja. Mama alikuwa akiharisha kwa takriban majuma mawili kabla ya kulazwa na alikuwa hali chochote isipokuwa uji. Vilevile kwa miaka mitatu amekuwa akimeza omeprazoli anayonunua mwenyewe dukani, kwa kuwa alikuwa akisema ana vidonda vya tumbo.

#7 FundiWaDarubini

Basi seli nyeupe za 2.9 zinaifuta hoja yangu moja, kwa sababu seli chache namna hiyo haziwezi kumeza potasiamu ndani ya chupa. Na 3.4 ya siku ya kwanza inatueleza kwamba alianza safari hii tanki likiwa tayari limepungua. Nasubiri jibu la muda.

#8 HesabuHazidanganyi

Mimi ni mhasibu na sina uzoefu wa wodi, lakini maelezo ya Tabibu katika #3 yamenifanya nichukue kalamu. Mnisahihishe nikikosea.

Lita moja ya seli nyekundu ina potasiamu ya kama milimoli 100. Tuseme katika juma la kwanza himoglobini ya mama inapanda kwa gramu 1, jambo ambalo ni mafanikio mazuri. Hiyo ni kama asilimia 3 ya ujazo wa damu, na kwa mtu mwenye damu ya lita 4 na nusu ni kama mililita 135 za seli. Potasiamu iliyomo humo ni kama milimoli 13 au 14, tena kwa juma zima. Ndizi moja ya wastani ina kama milimoli 10. Je, inaingia akilini kwamba gharama ya ndizi moja na nusu kwa siku saba ndiyo iliyomwangusha mtu kutoka 3.4 hadi 2.6 ndani ya siku tatu? Potasiamu yote iliyo nje ya seli mwilini ni ndogo, kama milimoli 60 hivi, nakubali, lakini nyuma yake kuna akiba ya milimoli elfu kadhaa ndani ya misuli. Hesabu yangu inaniambia kwamba Nesi ana hoja nzito kuliko Tabibu.

#9 MkaaziWaKariobangi

Naona ndizi zangu zimerudi kwa mlango wa nyuma.

#10 NesiZamuYaUsiku

Zimerudi, kaka, lakini bado hazitoshi. Kidonge kimoja cha potasiamu cha miligramu 600 kina milimoli 8, na mtu aliyefikia 2.6 kwa kupoteza potasiamu kwa kuharisha na kukojoa anaweza kuwa na upungufu wa milimoli 200 au zaidi. Hizo ni ndizi zaidi ya ishirini, na yeye anashindwa hata kumaliza uji. Ndiyo maana alipewa dripu, na ndiyo maana dripu hiyo huenda polepole, kwa kawaida si zaidi ya milimoli 10 kwa saa kama mgonjwa hafuatiliwi kwa mashine ya moyo. Potasiamu haidungwi moja kwa moja mshipani kamwe, kwa sababu husimamisha moyo.

#11 TabibuMstaafu

Mhasibu, hesabu yako ni nzuri na nakiri kwamba imenifanya nivue miwani na kuisoma tena. Hata hivyo umehesabu seli zilizofika kwenye damu tu. Ninakuomba uongeze seli zilizo ndani ya uboho, ambazo kwa wagonjwa hawa ni nyingi mno, na ambazo zilikuwa zikifa kila siku na kurudisha potasiamu yake kwenye damu. Unapotia B12, kifo hicho hupungua ghafla. Kwa hiyo mambo mawili hutokea kwa pamoja: seli zinazoishi zinaanza kuvuta, na zile zilizokuwa zikirudisha zinaacha kurudisha. Ni kama bomba la kuingiza maji limefungwa wakati watu wa nyumbani wameanza kuoga wote. Isitoshe, B12 haitumiwi na damu peke yake. Utando wa utumbo na seli nyingine zinazogawanyika haraka nazo zinaamka.

Ninakubali kwamba madaktari wenyewe hawaafikiani kama kila mgonjwa apewe potasiamu kama kinga. Wapo wanaosema kushuka kwenyewe mara nyingi ni kudogo na kwamba wale waliokufa zamani walikuwa na moyo mbovu tayari. Mimi binafsi nilikuwa napima kabla ya sindano na kurudia kila siku kwa siku tatu za mwanzo kwa mtu aliye chini ya himoglobini ya 6.

#12 MamaPiliSouthB

Naomba kuchangia kisa cha nyumbani kwangu. Mume wangu ana kisukari na amemeza metofomini kwa miaka 11. Alianza kusema kwamba anahisi anatembea juu ya sufi, na sote tukadhani ni kisukari kimefika miguuni. Daktari mmoja mwanamke alichukua ile chuma inayotetema, akamgusa nayo kwenye kidole gumba cha mguu, na baba Pili hakuhisi mtetemo wowote. B12 ilipopimwa ikawa chini. Alidungwa sindano hizo hizo, na potasiamu yake haikutikisika. Ila himoglobini yake ilikuwa 11, kwa hiyo huenda hakukuwa na kiwanda cha kufufua.

Sasa niulize kuhusu hiyo omeprazoli ya #6, kwa sababu sisi wote huku tunaimeza kama peremende. Je, haiwezi kuwa ndiyo mzizi wa yote mawili, yaani upungufu wa B12 na wa potasiamu?

#13 TabibuMstaafu

Umeuliza swali zuri, mama Pili. B12 iliyo kwenye nyama imeshikana na protini, na asidi ya tumbo husaidia kuibandua. Ukizima asidi kwa miaka, unaweza kupungukiwa na B12, ingawa si kwa kiwango cha mama wa #1. Pia dawa za kundi hilo zikitumiwa muda mrefu zinaweza kushusha magnesiamu, na magnesiamu ikishuka figo hushindwa kuzuia potasiamu isipotee, hata ukimimina potasiamu kiasi gani.

Kinachonisikitisha katika kisa hiki ni kwamba tumbo la mgonjwa wa anemia angamizi halina asidi ya kuzimwa. Kinga ya mwili imeziua seli zile zile zinazotoa asidi na protini ya kusindikiza B12. Mama huyo huenda alikuwa akilipia kila mwezi dawa ya kuzuia kitu ambacho hana. Binti, muulize daktari wake kuhusu kuchunguzwa tumbo kwa kamera, kwa sababu wagonjwa hawa wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata saratani ya tumbo kuliko watu wengine.

#14 MsomiWaNgara

Nimesoma uzi huu tangu juu na ninaona baadhi yetu tunachanganya mambo. Familia yetu haili nyama wala mayai, na mwaka juzi niliambiwa nina upungufu wa B12 nikiwa na himoglobini ya 8.9. Huo haukuwa ugonjwa wa anemia angamizi. Tumbo langu lilikuwa zima na kingamwili hazikuwepo; nilikosa chakula chenye vitamini hiyo tu, nami sasa ninameza kidonge. Mama wa #1 hata angekula maini kila siku, protini ya kusindikiza haipo, na sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba haiwezi kuipokea B12 inavyopaswa. Kwa hiyo tafadhali tusimwambie kwamba tatizo ni umaskini wa sahani yake. Mwili huweka akiba ya B12 ya miligramu chache, na mahitaji ya siku ni mikrogramu 2 na nusu hivi, ndiyo sababu ugonjwa huchukua miaka kabla ya kujitokeza.

Bitiruti na managu ni vyakula vizuri, lakini havina B12.

#15 KitabuWazi

Ingawa MsomiWaNgara amesema kweli kuhusu maini, historia inachekesha kidogo. Thomas Addison wa London aliueleza ugonjwa huu katikati ya karne ya 19, na kwa miaka mingi baadaye hakuna aliyejua la kufanya. Mwaka wa 1926 George Minot na William Murphy wa Boston waliripoti wagonjwa 45 waliolishwa maini kwa wingi kila siku, na wakapata nafuu. Walishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1934 pamoja na George Whipple, aliyewaponya kwa maini mbwa aliowatoa damu. Kwa hiyo maini yaliponya, hata pasipo msindikizaji.

#16 FundiWaDarubini

Ni kweli, lakini ongeza mambo mawili. La kwanza, mbwa wa Whipple walikuwa wamepungukiwa na madini ya chuma kwa kutolewa damu, na kilichowaponya kwenye maini kilikuwa chuma. Mbwa wale hawakuwa na ugonjwa huu hata kidogo, na tuzo ilitolewa kwa njia iliyopinda. La pili, maini yaliwafaa binadamu kwa sababu B12 ikiwa nyingi mno, kiasi kidogo, kama asilimia 1, hupenya utumbo chenyewe bila msindikizaji. Ndiyo maana leo zipo nchi, Sweden ikiwa mfano, ambako wagonjwa wengi humeza vidonge vya mikrogramu 1,000 kila siku badala ya kudungwa. B12 yenyewe ilitengwa mwaka wa 1948.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha William Castle, daktari aliyekula nyama ya kusaga isiyoiva, akaisubiri ichanganyike na maji ya tumbo lake, akaitapika, kisha akawapa wagonjwa kwa mrija. Walipona. Walipopewa nyama peke yake hawakupona. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba kuna kitu kinachokosekana tumboni.

#17 MkaaziWaKariobangi

Nilikuwa natafuna nyama ya soko la Burma hapa wakati nikisoma #16. Nimeifunga kwenye karatasi.

#18 Mwangalizi_Thika_Rd

Samahani, lakini hili jambo halijanikaa. Niliwahi kusoma kwamba anemia angamizi ni ugonjwa wa wazee wa Kizungu wenye mvi za mapema na macho ya samawati. Inawezekana vipi mama wa Umoja mwenye miaka 58 awe nao? Huenda vipimo vimekosewa na kumbe ni upungufu wa foleti, ile vitamini nyingine ya kutengeneza damu, ambao ndio wetu Waafrika.

#19 TabibuMstaafu

Vitabu vyangu vya chuo viliandika hivyo hivyo, ndugu yangu, na ndiyo sababu wagonjwa wengi wetu walicheleweshwa. Tangu mwaka wa 1978 Marekani ilichapishwa taarifa iliyoonyesha kwamba wanawake weusi hupatwa na ugonjwa huu, tena wakiwa na umri mdogo kuliko Wazungu. Na utafiti wa Zimbabwe uliochapishwa mwaka wa 1994 uliona kwamba anemia ya seli kubwa huko ilitokana hasa na ukosefu wa B12, wala si foleti kama ilivyodhaniwa. Tena weusi wa viungo vya vidole alioutaja binti katika #1 ni dalili inayoonekana vizuri kwenye ngozi yetu kuliko ile rangi ya ndimu iliyoandikwa kwenye vitabu vya Ulaya. Yule jirani wa mkorogo alikuwa na jicho zuri. Tafsiri ndiyo iliyompotosha.

#20 MamaPiliSouthB

Kuhusu foleti, dada yangu alipewa vidonge vya foleti kwa karibu miaka miwili bila kupimwa B12. Damu ilipanda na kila mtu akafurahi, lakini miguu iliendelea kuharibika hadi akaanza kutembea kwa fimbo. Baadaye tulielezwa kwamba foleti inaweza kuifunika anemia huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Fimbo hajaiacha hadi leo.

#21 Mwangalizi_Thika_Rd

Nimesahihishwa, na namshukuru Tabibu. Kama ni hivyo, unga wa paketi tunaoununua dukani, ambao sheria inataka uongezwe vitamini, foleti ikiwemo, si unaweza kuwafunika watu vivyo hivyo?

#22 FundiWaDarubini

Unga wa paketi wa Kenya umetakiwa kuongezwa virutubisho tangu mwaka wa 2012, na B12 imo katika orodha pamoja na foleti. Kiasi hicho humsaidia mtu kama MsomiWaNgara. Kwa mama wa #1, ambaye hana msindikizaji, ni kama kutuma barua bila anwani. Na wanaosaga kwenye posho mill ya mtaani hawapati chochote cha hayo.

#23 Mjukuu_Dagoretti

Mimi nina swali la haraka. Bibi yangu analalamika miguu kukosa nguvu na anatumia enalaprili ya shinikizo la damu. Je, ninunue vidonge vya potasiamu nimwanzishie wakati tunasubiri kliniki?

#24 NesiZamuYaUsiku

Usithubutu, mjukuu. Enalaprili na dawa za jamii yake huzuia potasiamu isitoke mwilini, na mtu mzee figo zake zinaweza kuwa zimechoka bila yeye kujua. Potasiamu iliyopanda sana inaua kimya kimya kuliko iliyoshuka. Miguu kukosa nguvu si dalili ya potasiamu pekee. Mpeleke apimwe kesho.

#25 BintiUmoja

Samahani kwa kimya changu. Mama alitoka hospitali Jumamosi. Potasiamu ni 4.1, himoglobini 7.2, na seli changa zilipanda siku ya saba kama Tabibu alivyosema. Tumeambiwa atadungwa siku moja na kuacha moja hadi ganzi iache kupungua, kisha kila baada ya miezi miwili maisha yake yote. Omeprazoli imesimamishwa na amepangiwa kamera ya tumbo.

Niliuliza kuhusu magnesiamu. Ilipimwa Ijumaa na ikawa katika kiwango cha kawaida, lakini muuguzi aliniambia kwamba dripu ya Alhamisi ilikuwa na magnesiamu ndani yake, kwa hiyo haijulikani ilikuwa ngapi kabla. Mjomba ameukubali ugonjwa, ila bado anasema sindano ya kwanza ingekuwa nusu.

#26 HesabuHazidanganyi

Hongera kwa mama. Kwa hiyo tuna kuharisha kwa majuma mawili, Lasix ya Jumanne, omeprazoli ya miaka mitatu, uji mtupu, na uboho ulioamka, na kipimo pekee ambacho kingetusaidia kutenganisha kilichukuliwa baada ya dripu. Bado ninaiweka Lasix mbele, lakini baada ya #11 nimepunguza dau langu.

#27 TabibuMstaafu

Nami naongeza langu kidogo kwa kuharisha, ambako nilikupita haraka katika #3. Mjomba umwambie kwamba nusu ya sindano ingeuamsha uboho ule ule, maana hata mikrogramu chache zilitosha kuwaamsha wagonjwa wa zamani.

#28 FundiWaDarubini

BintiUmoja, uliahidi kuuliza damu ya Alhamisi ilikaa muda gani.

#29 BintiUmoja

Niliuliza, na wakanionyesha karatasi. Damu ilitolewa saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, na ilipokewa maabara saa nne na robo. Wakati huo wote ilikuwa kwenye kisanduku cha barafu, kwa kuwa mashine ya wodi ilikuwa imeharibika na sampuli zilikuwa zikipelekwa jengo jingine.

#30 FundiWaDarubini

Zaidi ya saa nne kwenye barafu. Basi 2.6 ile haikuwa ya uongo kwa upande niliouogopa, bali kwa upande wa pili, kwa kuwa baridi huivujisha potasiamu nje ya seli na kukipandisha kipimo. Huenda alikuwa chini zaidi ya hapo wakati anatolewa damu. Je, karatasi ile inasema kama sampuli ilionekana nyekundu, yaani seli zilipasuka, baada ya kuzungushwa kwenye mashine?